Maneno Aliyoambiwa Punda

Mwalimu Nicodemo alipokuja kupanga chumba cha uani kwangu, hapa Tlawi, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama punda wangu hupiga kelele asubuhi.

"Anapiga," nikamwambia. "Na wewe baba, ungebeba maji ya watu kila siku, ungepiga."

Akacheka mpaka akaweka begi chini. Ilikuwa mwezi wa pili. Wakati huo alikuwa bado anacheka.

Alikuwa kijana wa Endagikot, mwalimu wa Kiswahili katika sekondari yetu ya kata. Mkewe, Jenifa, binti wa Hanang kule Nangwa, alibaki Endagikot kwa sababu alikuwa mjamzito na kliniki ilikuwa karibu. Kila Ijumaa Mwalimu alikuwa anapanda bodaboda anakwenda kwake. Mwezi wa tano mtoto akazaliwa kabla ya siku zake. Akaishi siku mbili. Mwalimu alikwenda mtoto akiwa bado hai, akazika, akakaa siku tatu, akarudi na furushi la madaftari ya kusahihisha. Nikampa pole. Akasema, "Asante Bibi, tumeshamaliza."

Kumaliza gani? Tangu siku hiyo Ijumaa zilikuja zikapita, na bodaboda hakupanda tena. Akaingia kwenye mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi kama mtu anayeingia ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Katika mchezo huo alimpa mjukuu wangu Zita awe mama. Zita yuko kidato cha tatu, naishi naye tangu akiwa darasa la kwanza, na Tlawi nzima inamjua kwa kuigiza watu. Anamwigiza katekista, anamwigiza muuza mitumba, ananiigiza mimi nikimbembeleza kuku aingie bandani. Siku moja Mwalimu alimkuta bombani akimwigiza mzee Hhando anavyochechemea, wenzake wamelala chini kwa kucheka. Hakumchapa. Alisubiri wanyamaze, akamwambia, "Umechukua mguu wake, maumivu umemwachia mwenyewe. Hiyo ni kazi nusu. Njoo kwenye mazoezi."

Zita alirudi nyumbani amenuna. Hakumwigiza mzee Hhando tena, lakini mazoezini alikwenda.

Sasa nieleze mchezo wenyewe. Ulihusu meta. Wasomaji wa mbali hawajui neno hili, na vijana wetu nao wanaanza kulisahau. Zamani sisi Wairaqw, mama akifiwa na mtoto, aliwekwa meta, yaani alikaa peke yake miezi mingi. Haingii kwa mtu, mtu haingii kwake. Ana njia yake ya maji na kibuyu chake, na ng'ombe hawasogelei. Watu waliogopa kifo kisije kikamfuata kwenye nyumba nyingine. Kanisa lilikataza, na mimi sina la kubishana na kanisa.

Mwalimu aliuandika uchekeshe. Majirani wanamwona mama wa meta wanakimbia, wanaruka nyayo zake kama wanaruka nyoka, mmoja anaangukia kwenye pumba. Mama analia, anagaagaa, anawatukana. Mwisho anakuja mwalimu mwenye tai, anawaelimisha, watu wanapiga makofi.

Zita alinisomea yote tukiwa tunakata mikia ya vitunguu saumu. Alipomaliza akaniangalia.

"Bibi, mbona hucheki?"

"Nimechekea ndani."

"Muongo wewe, Bibi."

Nikakata vitunguu kama kumi hivi. Halafu nikamwambia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mtoto wangu wa kwanza, msichana, aliishi wiki tisa. Nikakaa meta miezi saba kwenye kijumba kando ya shamba la baba mkwe. Zita alijua nina watoto sita. Hakujua walikuwa saba.

"Walikuwa wanakukimbia?" akauliza.

"Nani akimbie? Hapakuwa na mbio. Mtu akiniona njiani alisimama, akageuka uso, akangoja nipite. Kule kugeuka ndiko kulikouma."

"Na ulikuwa unagaagaa?"

"Ningegaagaa anione nani?"

Nikamwambia na la mama mkwe wangu. Kila alasiri alitoka kuteka maji na punda, akifika mpakani pa shamba anasimama, anajifanya anakaza kamba za madumu. Mimi nimekaa mlangoni nimempa mgongo. Hakuruhusiwa kuongea na mimi, basi alikuwa anaongea na punda. "Punda, leo maharage yametoa maua. Punda, shemeji yake ameoa, mke ni mfupi lakini anajua kulima. Punda, mimi nimemkumbuka yule mtoto leo, alikuwa na nywele nyingi." Kisha anampiga kofi dogo, wanaondoka. Sikujibu hata siku moja. Aliye ndani hajibu. Lakini bila yule punda mimi nisingetoka mzima.

Jioni hiyo Mwalimu alipopita uani, Zita alisimama mbele yake.

"Mwalimu, shikamoo. Bibi anasema hakuna aliyekimbia."

"Marahaba. Hakukimbia nani?"

"Majirani. Bibi alikaa meta."

Mwalimu akanigeukia. Niliona ameona haya, lakini mwalimu ni mwalimu. "Bibi, shikamoo. Pole sana. Lakini utakubali mila hii ilikuwa ya ukatili."

"Marahaba, baba. Sijaisifu. Mtoto anakwambia tu haikuwa na mbio."

"Tukiondoa mbio, wazazi watacheka nini?"

"Kwani lazima wacheke?" Zita akadakia.

"Zita, mwalimu hapa ni nani?"

"Ni wewe Mwalimu. Na wewe ndiye uliniambia nisichukue mguu nikaacha maumivu."

Mwalimu akavuta mkanda wa begi lake, akasema, "Haya. Yabebe basi. Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, ukitoka shule ukaingia uani hapa, uko meta. Huongei na mtu, huli na mtu. Ijumaa ukiwa umeshindwa, tunarudi kwenye maandishi yangu."

"Na nikiweza?"

"Ukiweza, huo mchezo ni wako."

Jumatatu Zita alibeba kigoda chake akahamia nyuma ya banda la punda. Alikuwa ameshamsimulia Mwalimu habari ya mama mkwe na punda, nayo ikaanza kujaribiwa mazoezini. Nilimwekea sahani yake kwenye jiwe, nikaondoka bila kusema. Mnafikiri ni rahisi? Niligeuka uso nikahisi shingo inavunjika.

Jumatatu hiyohiyo Jenifa alinipigia simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Bibi, simu yangu hapokei. Mwambie Jumamosi mchana kaka yangu Gidabuday anakuja na gari kunichukua. Narudi kwa mama, Nangwa. Akija kabla ya gari, tutaongea. Asipokuja, asinifuate tena."

"Subiri mwanangu..."

"Nimesubiri miezi minne, Bibi. Nimekaa na kitanda cha mtoto."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya wazazi. Afisa elimu wa kata alikuwa anakuja, na mchezo ukipendeza ungekwenda Babati kwenye mashindano ya mkoa. Nilimsubiri Mwalimu, nikampa ugali na mboga, nikamwambia ujumbe wote. Akawa anafinyanga tonge lilelile, haliendi mdomoni.

"Nitakwenda Jumapili, Bibi. Mchezo ukiisha."

"Jumapili hutamkuta."

"Atanisubiri. Jenifa ni mwelewa."

Mimi nikizidiwa na maneno ya wasomi nakimbilia vitendawili. Nikamwambia, "Kitendawili."

Akashusha pumzi. "Tega."

"Nikiubeba peke yangu ni mlima. Tukiubeba wawili ni mzigo."

"Gogo."

"Hapana."

"Gunia la mahindi."

"Hapana. Nipe mji."

"Nakupa Arusha."

"Arusha sitaki."

"Nakupa Babati."

"Babati unakutaka wewe."

"Nakupa Endagikot."

"Endagikot nimepokea. Nilikwenda Endagikot, nikamkuta mwanamke amekaa na kitanda kitupu, nikamuuliza mumeo yuko wapi, akasema yuko Tlawi anafundisha watu kulia. Jibu ni msiba, baba."

Alisimama, akanawa mikono ambayo haikuwa imechafuka. "Bibi, mimi nilizika. Kuna nini tena cha kufanya?" Akaingia chumbani kwake.

Jumanne hakunisalimia vizuri. Jumatano alilazimika kutoka, maana alikuwa na maelekezo yaliyobaki kutoka mazoezini na mwigizaji wake yuko meta. Alizunguka banda mara mbili. Mwisho akasimama karibu na punda, akakohoa.

"Ee, punda," akasema.

Mimi niko jikoni, nikaziba mdomo kwa kanga.

"Punda, mwambie... hapana, usimwambie. Nakwambia wewe. Mtu akiwa na huzuni mabega hayapandi juu kama anabeba ndoo. Yanashuka. Na huyo Perpetua anayeigiza mama mkwe anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Unanielewa, punda?"

Punda akapiga chafya. Zita alikuwa ametupa mgongo, lakini niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Baadaye yakashuka. Yalishuka vizuri, kama alivyoelekezwa.

Alhamisi alikuja mapema, saa kumi hivi, ukungu umeanza kushuka kutoka mlimani. Alikuja na daftari la mchezo. Akasoma maelekezo mawili matatu, halafu daftari likafungwa. Nikasubiri aondoke. Hakuondoka. Aliweka mkono kwenye shingo ya punda, na alipoanza kusema sauti ilikuwa nyingine.

"Punda, alikuwa mdogo. Alikuwa na vidole virefu kama vya Jenifa. Nesi aliniambia mshike. Nikasema nitamshika kesho, akipata nguvu. Niliogopa kumvunja, punda. Kesho yake nilishika sanduku."

Jiko lilikuwa linawaka na mimi sikuona tena kilichokuwa kwenye sufuria.

"Jenifa alikuwa ananiangalia. Kila nikiingia nyumbani ananiangalia, na mimi najua anachokiona ni ile mikono niliyoweka mfukoni. Ndiyo maana siendi. Siyo kazi. Kazi ni uongo."

Zita alikuwa na kisu na kitunguu mkononi. Vyote vilisimama. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba ambaye maisha yake yote hajawahi kukosa neno la kujibu, na nyuma ya mgongo wake mtu mzima anavunjika. Niliogopa atageuka. Niliogopa pia asigeuke. Hakugeuka. Hakujibu. Alikaa palepale, akamwachia nafasi amalize, na Mwalimu akamaliza, akalia kwa namna wanaume wetu wanavyolia, kama mtu aliyepaliwa na maji. Punda alisimama tuli, Mungu amjalie.

Ijumaa jua lilipokaribia kuzama, nilikwenda nyuma ya banda, nikampa Zita maji kwa mkono wangu. Hivyo ndivyo nilivyotolewa mimi, kwa maji kutoka mkononi mwa mtu. Akayanywa yote. Akanishika mkono. Kisha akaenda kugonga chumba cha mpangaji.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Zita. Umeweza. Mchezo ni wako, kama tulivyokubaliana."

"Kama ni wangu, basi kesho usije."

"Unasemaje?"

"Usije shuleni. Nenda Endagikot. Gari linakuja mchana."

Alimwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Zita, Afisa elimu anakuja. Mkuu wa shule ameniandika mimi kwenye ratiba. Nani atapanga watu? Nani atamwambia Perpetua aingie lini?"

"Nitamwambia mimi."

"Na ukisahau maneno?"

"Maneno ni machache, Mwalimu. Mama haongei." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, na haikuwa sauti ya kuiga mtu yeyote, "Ulinifundisha kubeba. Sasa wewe nenda kabebe chako."

Ningekuwa mimi mwalimu, labda ningemchapa. Yeye alikaa kitandani, akafunga kamba za viatu akazifungua tena. Hakusema atakwenda. Asubuhi nilipoamka kumpa punda majani, mlango wake ulikuwa na kufuli, na mashati yake mawili yaliyokuwa kwenye kamba hayapo.

Basi tukaenda siku ya wazazi. Jukwaa lilikuwa meza za darasani zilizofungwa pamoja. Mkuu wa shule anatafuta Mwalimu Nicodemo kila kona, simu haipatikani. Afisa elimu kata ameketi mbele na chupa yake ya maji, anaangalia saa. Zita akatoka, kanga begani, akasalimia wakubwa shikamoo, akasema mchezo uko tayari.

"Mwalimu wenu yuko wapi?" Afisa akauliza mbele za watu.

"Amekwenda msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa mtoto wake."

Watu wakanong'ona, maana wengi walijua mtoto alizikwa mwezi wa tano na huu ulikuwa wa tisa. Mkuu wa shule akafungua mdomo. Mzee Hhando, aliyekaa karibu yangu na fimbo yake, akasema kwa sauti, "Kama amechelewa si ndiyo aende sasa? Mtoto, endelea."

Wanafunzi wawili waliingia ndani ya gunia wakiwa punda, na bila shaka watu walicheka, sikio moja lilikuwa limeanguka. Walicheka na Perpetua akihangaika na madumu. Zita alikuwa amekaa pembeni, ametupa mgongo sisi sote, anapepeta ungo usio na kitu. Wakaendelea kucheka, nikaona mgongo wake hauwajibu. Zita ninayemjua angegeuka kidogo tu, angefanya jicho, uwanja mzima ungemwangukia miguuni. Alikuwa nacho kicheko chao mkononi. Akakiacha.

Perpetua akaanza. "Punda, leo maharage yametoa maua."

Ungo ukapungua kasi.

"Punda, mimi nimemkumbuka yule mtoto leo. Alikuwa na nywele nyingi."

Ungo ukasimama. Mabega yakashuka. Basi. Hakulia. Hakuna aliyecheka tena. Nyuma yangu kikongwe mmoja wa kutoka upande wa bondeni, sijui jina lake, alisema kwa Kiiraqw, polepole, jina la mtoto. Halafu mwingine upande wa kushoto akasema jina lingine. Hawakuwa wanaambiana. Mimi nilisema la mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa sijalitamka kwa sauti kwa miaka hamsini na mbili.

Mwalimu mwenye tai hakuingia. Zita alikuwa amemwondoa.

Afisa hakupiga makofi. Alisema mchezo haukuwa na fundisho lililo wazi, na Babati walipelekwa watoto wa shule nyingine na ngonjera. Mwalimu naye aliandikiwa barua ya kujieleza. Hayo nayasema ili msidhani dunia ilisimama kutushangilia.

Saa tisa tukiwa bado tunanyanyua meza, simu ikalia. Ni Jenifa. Nyuma yake nilisikia injini ya gari na wanaume wakiongea Kidatoga, lugha ya kwao Jenifa.

"Bibi, amefika."

"Anasemaje?"

"Hajasema kitu. Amekaa chini, mlangoni. Kaka hajamsalimia. Vyombo vilikuwa vimeshapakiwa nusu." Akavuta kamasi. "Ameniuliza jambo moja tu. Aliuliza mtoto alikuwa anaitwa nani."

Zita alikuwa amesogeza sikio kwenye simu, jasho la uwanjani bado liko usoni.

"Alikuwa na jina?" nikasema.

"Nesi alimbatiza usiku ule aliokufa, Bibi. Alfredi. Sikumwambia mtu, maana hakuna aliyeuliza."

Zita akaichukua simu.

"Dada Jenifa, na gari?"

"Kaka amesema hawezi kurudi Nangwa mikono mitupu, mama atamshangaa. Ameondoka na kabati." Tukasikia injini inakwenda mbali. "Godoro amelishusha."